Kigelegele cha Upande wa Pili

Bakary alipoleta santuri ile kutoka Kilwa Masoko, Miteja nzima ilijua. Ilikuwa santuri ndefu ya bendi ya jazi ya Klementi, mtunzi aliyepanga matarumbeta na saksafoni yakajibizana kama watani msibani. Muziki wake ulinaswa ukumbini hasa, kwenye dansi la mchana, watu wakiwemo na kelele zao. Upande wa pili, matarumbeta yanaponyamaza, kilisikika kigelegele cha mwanamke mmoja: kinapanda, kinakatika katikati, kinapanda tena.

Kilikuwa cha Biasha, mkewe Bakary.

Siku ya dansi Biasha alikuwa mwali, amewekwa ndani kwa shangazi yake pale Masoko akingoja harusi. Binamu yake alimvika buibui, akampitisha mlango wa uani, wakaenda dansini. Klementi alipowaomba akina mama wamjibu, Biasha alijisahau. Naye Bakary alimwoa akijigamba kwamba mkewe hakuonwa hata na jua. Angejua, angemrudisha kijijini Pande kwa baba yake, na hakuna ambaye angemlaumu.

Basi Biasha akafunga kinywa, kigelegele chake kisije kikatambulika. Akizaliwa mtoto, yeye ana kikohozi. Wakija wageni wa serikali kukagua kijiji, koo linamwasha. Na kila jioni, wakishatoka shamba la ujamaa, mumewe huweka gramafoni dirishani akamsifu mwanamke asiyemjua.

Likaja jambo ambalo kwalo kikohozi hakikufaa kitu: harusi ya Samia, dada yake Bakary. Kwao, ndoa ikishafungwa barazani kwa wanaume, kigelegele cha kwanza hupigwa na mke wa kaka. Asipopiga, ana kijicho.

Wanawake walijaa ndani. Sauti ya shehe ilipokoma, macho yote yakamgeukia Biasha.

"Wifi, koo limetiwa kufuli?" akauliza jirani yao Kadija, na wenzake wakacheka.

Biasha alivuta pumzi. Mkono wa mama mkwe wake, Bi Tawakali, ukamkamata goti. Kisha bibi huyo akapiga kigelegele mwenyewe, kirefu, wengine wakamfuata.

Baadaye walibaki wawili jikoni wakipakua pilau. Bi Tawakali alisema bila kumtazama, "Kila santuri ikifika pale, mchi wako unakosa pigo."

Mwiko ulimsimama Biasha mkononi.

"Sitamwambia mumeo. Nitasema una ugonjwa wa kifua, wa kwenu. Ila usije ukafurahi ukajisahau, mwanangu."

"Hata nikimwoza binti yangu, mama?"

"Hata huyo."

Nje vijana walikuwa wameshaweka santuri. Ilipofika upande wa pili, Kadija aliwaambia wenzake kuwa huyo mwenye kigelegele ndiye mwanamke aliyelelewa, si hawa wa siku hizi. Biasha alijitwika sinia la pilau, akapita katikati yao, akawaomba wasogee kidogo.