Goli Ambalo Maureen Hakuliona

Kwa kuwa jambo hili lilikwisha salama, naweza kulisimulia bila haraka.

Norman Haigh ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta hapa Calderwick. Sebuleni kwake, mahali ambapo wengine huweka vyombo vya wageni, pana kabati lenye vijarida vya mechi za Calderwick Town, kuanzia vile alivyoachiwa na baba yake hadi cha Jumamosi iliyopita. Ni vijarida vile vinavyouzwa mlangoni mwa uwanja: majina ya wachezaji katikati, salamu za mwenyekiti mwanzoni, matangazo ya bucha na ya fundi wa mabomba pembeni. Mashabiki wengi huvikalia mvua inaponyesha, kisha huviacha kwenye ngazi. Norman hurudi navyo nyumbani akiwa amevificha chini ya koti, na havigusi tena mpaka anawe mikono.

Nilipohamia mtaa huu, nikifundisha historia katika chuo kilicho ng'ambo ya kilima, alinielimisha kanuni zake kwa subira kubwa. Kijarida hushikwa kwa kingo. Hakikunjwi. Pini zake zikianza kutu, hutolewa kabla kutu haijala karatasi. Na juu ya yote, hakiandikwi. Kilichoandikwa hukiita majeruhi, na majeruhi hana nafasi kabatini.

Kanuni hiyo ya mwisho ilinishangaza, kwa sababu nilikuwa nimekwenda naye uwanjani na kuona desturi ya watu wenyewe. Kipaza sauti kinapotangaza kwamba fulani hachezi na nafasi yake imechukuliwa na fulani, jukwaa zima huinamisha vichwa. Kalamu hutoka mifukoni, jina moja hukatwa, jingine huandikwa juu yake. Mechi ikiisha, matokeo nayo huandikwa. Shabiki anayekipenda kijarida chake hukijaza. Mkusanyaji anayekipenda hukiacha kitupu. Norman alikuwa watu hao wawili kwa pamoja, na alitatua tatizo kwa kununua nakala mbili: moja ya kuandika, nyingine ya kabati.

Hata hivyo, kabatini mle mlikuwa na majeruhi mmoja.

Kilikuwa kijarida chembamba cha mechi ya marudiano ya kombe, dhidi ya Stanmoor Rovers, cha wakati Norman alipokuwa kijana anayefanya kazi katika kiwanda cha mazulia. Kimelowa kikakauka. Kona ya chini imekatwa, palipokuwa na kuponi. Katikati, jina la mshambuliaji limefutwa kwa mstari mnene mweusi, na chini ya ukurasa, kwa wino uleule usio wino, imeandikwa 1–1.

Mechi hiyo Calderwick walishinda mbili kwa moja.

Kisa chake alinipa kidogo kidogo, kwa miaka. Siku ile ukungu ulikuwa umeshuka bondeni, na waliosimama nyuma ya goli la huku hawakuweza kuona goli la kule. Kipaza sauti kilipotangaza badiliko, vidole vya Norman vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi, na kalamu ilimponyoka ikapotelea miguuni mwa watu. Msichana aliyesimama kando yake, ambaye hakuwa na kijarida kwa sababu vilikuwa vimekwisha mlangoni, alikichukua cha Norman bila kuomba, akatoa penseli ya wanja kwenye mkoba, akafuta jina na kuandika jingine. Karibu na mwisho, kelele zilitoka upande wa kule, zikaja zikipokezana ndani ya ukungu hadi zikawafikia: goli. Watu walikumbatiana. Msichana hakukumbatia mtu. Aliandika 1–1, akamrudishia Norman kijarida chake, akamwambia kwamba yeye haandiki goli ambalo hakuliona.

Norman alikata kuponi yake akampa. Bila kuponi mtu hakuuziwa tiketi ya raundi iliyofuata. Kwa hiyo raundi iliyofuata msichana huyo, Maureen, aliingia uwanjani, naye Norman akasikiliza redio. Walioana kabla ya msimu mwingine kuanza, na tangu hapo hadi Maureen alipofariki walibishana juu ya goli lile, mezani, garini, mbele ya wageni. Norman alikuwa na magazeti, alikuwa na ushahidi wa wachezaji wenyewe. Maureen alikuwa na macho yake.

Binti yao, Gillian, alilijua goli la ukungu kama utani wa wazazi. Alichokuwa hajui ni kwamba pana karatasi. Katika nyumba za huku mambo ya namna hiyo huambiwa jirani kabla ya mtoto. Norman alimfundisha bintiye kanuni zote za kabati tangu utotoni, akasahau kumwambia ni kitu gani kilichokuwa juu ya kanuni.

Ndipo ikaja siku ya kuzaliwa ya Norman. Nilialikwa chakula cha mchana: kondoo wa kuoka, viazi, mchuzi wa mnanaa. Baada ya sahani kuondolewa, Gillian alileta albamu moja ya kabati, akamwambia baba yake aifungue ukurasa wenye kijiuzi chekundu. Alikuwa na uso wa mtu aliyeficha siri kwa majuma na hawezi tena.

Norman alifungua. Ndani ya mfuko wa plastiki kilikuwamo kijarida cha Stanmoor Rovers, cheupe, kimenyooka, kimefunguliwa katikati, kona zake nne kamili, kuponi mahali pake. Gillian alieleza kwa furaha jinsi alivyokichomoa kile kichafu kabatini wakati baba yake alipokwenda kwa daktari wa meno, akampelekea Trevor Sugden, mwuzaji wa vijarida, amtafutie kisafi cha toleo lilelile. Trevor alikuwa amekitafuta kwa muda mrefu, kisha akakituma kwa posta. Kile cha zamani kilibaki kwa Trevor.

Norman alikitazama kwa muda. Kisha akasema kwamba ni kizuri sana, na kwamba hata pini hazina kutu. Akambusu Gillian kwenye kipaji cha uso. Mimi, niliyekaa upande wa pili wa meza, niliona kiganja chake kikiwa kimelala juu ya plastiki, juu ya pale chini ya ukurasa ambapo hapakuwa na kitu.

Aliponisindikiza mlangoni alisema kwa sauti ya chini, "Majeruhi wangu kaondoka, Profesa."

Aliniomba nimpeleke Jumamosi kwenye gulio la wakusanyaji, ambako Trevor hakosi. Nilimuuliza kwa nini asimwambie tu binti yake. Alinijibu kwamba mtoto amehangaika kumpa zawadi. Hawezi kumwambia kwamba amemtupa mama yake.

Gulio hufanyika katika ukumbi wa kanisa la Kimethodisti. Wanaume wa makamo hupanga mstari mbele ya meza zilizojaa maboksi, wakipekua kwa vidole viwili bila kusemezana. Akina mama wa kanisa huuza chai na keki dirishani. Trevor Sugden, mtu mnene mwenye fulana ya sufu, alimwona Norman akiwa bado mlangoni.

"Haigh! Leo unanunua, au umekuja kuvipapasa tu kama kawaida yako?"

Norman hakurudisha utani. Aliuliza kuhusu kijarida ambacho Gillian alimwachia. Trevor alikikumbuka mara moja, akasema kilikuwa na hali ya kusikitisha, mtu amekichorachora kwa masizi. Norman alimwambia ni wanja. Alimwambia pia wanja wa nani. Trevor hakuhitaji kuongezewa. Alikuwa amemzika mkewe mwenyewe na alimfahamu Maureen tangu zamani.

"Ungesema, bwana," alisema mwishoni. "Binti yako alikileta kama mtu anayeleta kiatu kibovu. Ningejuaje?"

Kisha alitueleza jambo ambalo mtu asiye wa biashara ile asingeliwaza. Majeruhi yeye hawauzi, kwa sababu wateja wanamcheka, na hawatupi, kwa sababu hawezi. Huwatumia badala ya ubao. Anapotuma kijarida kisafi kwa posta, humpachika majeruhi wa kimo kilekile kwenye kadibodi, nyuma, ili mtu wa posta asiweze kuikunja bahasha. Wengi wa majeruhi wake wamekwishasambaa nchi nzima namna hiyo, migongoni mwa wenzao wazima.

"Na huyu ulimtuma mgongoni mwa nani?" Norman aliuliza.

Trevor alifikiri, akijikuna kidevu. Vijarida vya miaka ile vilikuwa vidogo; majeruhi wa kimo kile hakuwa nao wengi. Alipokuwa akifunga cha Gillian, cha zamani kilikuwa pale pale mezani, kwa kuwa alikuwa amekitumia kulinganisha toleo. Hakuweza kuapa. Lakini alidhani alikitia mle mle, ndani ya bahasha ya Gillian.

Nilipumua. Norman hakupumua. Aliniuliza upande wa mto anakokaa Gillian pipa la karatasi huchukuliwa siku gani.

Nilimjibu kwamba ni Ijumaa. Kisha nikakumbuka kwamba Jumatatu ilikuwa sikukuu, na juma lenye sikukuu halmashauri husogeza kila kitu mbele kwa siku moja. Ijumaa imekuwa Jumamosi. Pipa linachukuliwa leo.

Norman alitoka kwenda kwenye ujia wenye misumari ya makoti, nami nikamfuata, akapiga simu. Aliweka sauti juu kwa sababu ya masikio yake, kwa hiyo nilisikia yote.

"Gillian, mwanangu. Ile bahasha aliyokutumia Trevor, bado unayo?"

"Bahasha? Nimeitia kwenye pipa, nadhani. Kwa nini?"

"Pipa liko wapi?"

"Barabarani. Leo wanachukua. Baba, kuna nini?"

Hapo angeweza kusema uongo. Nilimwona akiutafuta, angeweza kudai kwamba Trevor amesahau risiti. Alitazama makoti yaliyolowa.

"Kile cha zamani kiliandikwa na mama yako," alisema. "Nafikiri kimo ndani."

Simu ilianguka juu ya kitu, mlango ukafunguliwa, kisha ikaja sauti ya mtaa, na ndani ya sauti ya mtaa mngurumo wa gari kubwa linalokwenda na kusimama, kwenda na kusimama. Trevor alifika na kikombe cha chai ambacho hakuna aliyekiomba, akabaki amekishika. Jikoni akina mama walikuwa wakiosha vikombe na kumsengenya mchungaji. Gari lilinguruma tena, karibu zaidi. Mtu alipaza sauti, pengine Gillian, akimwambia mtu mwingine asubiri.

Kisha mlango ulifungwa.

"Ninayo." Alikuwa akihema. "Nimelazimika kulilaza pipa lote chini, majirani wanaona. Baba, kuna kitu kimebandikwa kwenye kadibodi."

"Usikivute. Gundi itachukua karatasi."

"Sikivuti. Kimejifungua chenyewe katikati." Alikuwa akisoma. "Pameandikwa moja kwa moja. Lakini si tulishinda mbili?"

"Tulishinda mbili."

"Ndilo lile goli lenyewe?"

"Ndilo."

Norman alikaa kwenye benchi chini ya makoti kana kwamba ameagizwa kukaa. Alichukua chai ya Trevor akainywa yote, ikiwa na sukari ambayo daktari amemkataza. Trevor alirudi mezani kwake akipiga miluzi. Mimi nilijikuta nikitabasamu mbele ya tangazo la darasa la kusuka sufu, nikilisoma upya na upya.

Tulifika kwa Gillian akiwa amewasha birika. Alikuwa amekitoa kijarida kwenye kadibodi kwa kisu cha siagi, polepole, na jalada la nyuma lilikuwa limepoteza kipande kidogo. Norman hakukiangalia kipande hicho. Alifungua katikati, akaona wanja upo, akafunga.

Gillian alikuwa amekasirika, hasira ya mtu aliyeponea chupuchupu.

"Umenifundisha kuogopa kalamu tangu nikiwa mdogo. Kalamu, kalamu, kalamu. Ungeniambia tu, Baba."

"Ningekwambia nini? Kwamba mama yako alinichafulia kijarida kwa vipodozi?"

"Ndiyo. Hilo hasa."

Basi akamwambia. Alianza na ganzi ya vidole, akafika kwenye kuponi, na Gillian alimkatiza mara nyingi kuuliza mambo ambayo mimi sikuwahi kufikiria kuyauliza: Mama alivaa nini, alisimama upande gani, alicheka au hakucheka. Chai ilipoa. Sijapata kumsikia Norman akisema maneno mengi namna ile bila kutaja jina la golikipa.

Mwishowe Gillian alikichukua kijarida kisafi, ambacho baba yake alikuwa amekibeba ili kumwonyesha Trevor, akakitoa mfukoni mwa plastiki na kuuliza wakirudishe kwa Trevor au vipi. Norman alikitazama. Kisha alitoa kalamu kwenye mfuko wa shati, ile ya nakala za kuandika, akaisukuma mezani kuelekea kwa binti yake.

"Andika matokeo."

"Baba, nitakiharibu."

"Andika, mwanangu. Mmoja katika familia hii aandike sawasawa."

Gillian alishika kalamu. Alikifungua kijarida katikati, akakilaza vizuri, akainama kama wanavyoinama jukwaani kipaza sauti kinapolia. Aliandika taratibu, kwa wino wa buluu, kisha akakigeuza ili baba yake asome.

1–1.

"Na mimi sikuliona," alisema.

Norman alivua miwani akaifuta kwa ncha ya kitambaa cha meza, muda mrefu, mabega yakimtikisika kwa kicheko.