Mabega ya Kanali

Kwa miaka kumi na tisa Onésphore alikuwa akikanda watu pale Rubona, nje kidogo ya mji wa Gisenyi, kwenye chemchemi ya maji moto kando ya ziwa, na sheria yake ilikuwa moja tu: mkandaji hamuulizi mtu habari zake. Mtu akivua shati, amevua na cheo. Akitaka kusema atasema. Asipotaka, unakanda, anakwenda zake.

Lakini mwezi huu lilikuwepo swali limemkaa kooni. Ng'ambo ya mpaka, kule milimani, kulikuwa na kikosi cha muungano, askari wa nchi nne waliowekwa katikati ya wanaopigana. Redio zilisema muda wake unaisha, nchi mbili zimechoka, na wakubwa wanakutana hotelini Gisenyi kuamua kama muungano uendelee au ufe. Na nyumba ya Onésphore iko Mbugangari, hatua chache tu kutoka mpakani. Kabla kikosi hakijaja, bomu lilitoka huko likadondoka jikoni kwa jirani yao Kampire. Bahati yake, alikuwa sokoni. Tangu kije, hakuna lililovuka.

Mkewe, Mukabera, aliyebaki naye wawili tu baada ya binti yao Claudette kuolewa, alikuwa ameshafunga mizigo. Alitaka wahamie Kibuye kwa kaka yake Hitimana.

"Tuende sasa, barabara ingali muzuri," alisema. "Mi sitaki kufa na sufuria mukononi."

"Ngoja kwanza. Iko kanali mumoja wa muungano, anakuja kwangu kila samedi. Nitajua."

"Atakuambia?"

"Mabega yake itaniambia."

Mukabera alicheka mpaka akaketi. "Ebu ona huyu. Wenzake wanasikiliza redio, ye anasikiliza mabega."

Hakuwa anatania. Jumamosi tatu mfululizo kanali alikuja na mabega magumu kama gogo. Vidole viliteleza juu bila kuingia. Jumamosi ya nne akakaa majini mpaka kifuani, akafumba macho, na Onésphore aliposhika shingo, nyama ikakubali kama unga wa mandazi. Hata chini ya bega la kushoto, palipokuwa na fundo la ukubwa wa yai, hapakuwa na kitu.

Moyo wake ukatua. Wameelewana, akawaza. Akaomba ruhusa, akajitenga kidogo, akampigia mkewe.

"Mama Claudette, fungua ile mizigo. Muungano iko inaendelea."

"Amekuambia?"

"We fungua tu."

Akarudi kumalizia mgongo, na kwa ile furaha ulimi ukamteleza. "Mon colonel, leo mwili yako iko muzuri sana. Donc mkutano ilienda vizuri."

Kanali akafumbua macho. Hapo Onésphore akajua ameivunja sheria yake.

"Muungano umekwisha, mzee," kanali akasema taratibu. "Jana tumetia saini. Kila nchi inaondoa watu wake, sisi tunaanza Alhamisi. Miezi kumi na minne sijapata usingizi wa kushiba. Jana nimelala."

Mikono ya Onésphore ikasimama. "Na kule milimani atabaki nani?"

"Wale wale waliokuwa wakipigana." Kisha akauliza: "Unakaa wapi?"

"Mbugangari."

Kanali alitoka majini, akavaa shati polepole, akafunga vifungo vyote, akampa mkono kwa mikono yake yote miwili, kama watu wanavyoagana msibani.

Onésphore hakungoja mteja mwingine. Alipanda basi la kwanza la mjini, akamkuta Mukabera ameshatandika godoro, sufuria zimerudi jikoni, mwenyewe anatwanga sombe, majani ya muhogo, huku akiimba.

"Mama Claudette," alisema akiwa bado mlangoni, "nimekosea. Yule mutu alilegea sababu anarudi kwao."

Mchi ukatulia. Onésphore akangoja masimango, hayakuja.

"Wanaondoka lini?"

"Jeudi."

"Bon. Sombe tutakula leo, siwezi kuibeba."

Akafuta mikono kwenye kitenge, akachukua simu, akampigia Hitimana. Alimwambia tu kwamba Jumanne watakuja kumsalimia, wawili, na godoro lao. Hakusema ni kwa siku ngapi, na Hitimana hakuuliza.