Maji ya Kona ya Mchungaji

Mchungaji Ebenezeri alikuwa anakata majani ya ng'ombe kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulibaki pale konani, Kirua Vunjo, siku alipovamiwa kwa mapanga. Mkewe, Aikande, alikuwa anakamua. Maziwa yalikuwa mengi, nao wakamshukuru Mungu kwamba mzee yuko hai kuyanywa.

Alivamiwa kwa sababu alisema kanisani, bila kumung'unya maneno, kwamba Wenseslaus ameziba mfongo, mfereji wa maji wa kijiji, ili ajaze bwawa la maparachichi yake. Waliomkata hawakukamatwa. Aliyewatuma alijulikana na wote, na kila Jumapili alikaa benchi la mbele.

Usharika ukaamua kujenga mnara wa mawe pale konani. Mchungaji akawaambia mnara ni wa marehemu, yeye bado ana migomba ya kupalilia. Wakajenga tu. Siku ya uzinduzi maji yakatoka chini ya mnara, yakapanda mlima. Yalipita kila nyumba iliyonyimwa mfongo. Kwa Salvina, mjane, yalikata kona, yakamjazia ndoo, yakaendelea juu. Wanawake walishukuru kwamba hawatashuka tena mtoni. Fundi alilalamika kuwa saruji yake haijakauka.

Wiki hiyohiyo ng'ombe wa Wenseslaus wakagoma kunywa maji ya bwawa.

"Sasa atakuja," Aikande alisema.

Mchagga akikosa huleta jani la isale, na ukilipokea umesamehe, yamekwisha. Mchungaji alikuwa amelisubiri jani hilo muda mrefu. Hakutaka kufa na neno moyoni, lakini jani halipokelewi kabla halijaletwa.

Jioni alimkuta Wenseslaus kwenye mnara.

"Shikamoo, mchungaji."

"Marahaba. Karibu."

Mchungaji alimtazama mikono. Wenseslaus aliinama, akajaza madumu mawili, akasema maji haya ni matamu, kweli Mungu ni mwema. Mchungaji akakubali kuwa ni mwema, akamkazia vifuniko.

Nyumbani Aikande alikuwa ameshapakua kiburu, ndizi na maharage.

"Baba, ameleta isale?"

"Ameleta madumu."

Aikande akacheka mpaka akakaa chini. Huko juu mfongo ulikuwa umezibwa vilevile. Wakainamisha vichwa, wakashukuru kwa chakula, kwa maji, na kwa mkono uliobaki.