Nyayo za Namba Tisa

Kila Jumatatu saa moja asubuhi mtunza uwanja alianzia kazi lango la kaskazini, akiwa na toroli la mchanga, reki, ndoo ya mbegu za nyasi na rula ya mbao. Kazi yake ilikuwa kujaza vishimo vilivyoachwa na viatu vya wachezaji. Beki wa kushoto aliacha vya sentimita moja. Nahodha, mtu wa kupenda sahani iliyojaa, moja na nusu. Katika wiki ya nane ya ligi alipima nyayo za namba tisa, akapata sentimita kumi na nne. Akaandika kwenye daftari, kisha akaenda kuongeza mchanga.

Namba tisa alikuwa mpwa wake, mtoto wa dada yake. Msimu uliopita alifunga mabao ishirini na mawili, mashabiki wakamwita Radi, na nyayo zake hazikuonekana kabisa. Msimu huu alikuwa amefunga moja, tena kwa kisogo, tena akiwa amegeuka kumuuliza mwamuzi zimebaki dakika ngapi. Sasa aliitwa Kabati.

Daktari wa timu alilijua tatizo. Alimpima kabla ya mechi: kilo sabini na nne. Alimpima baada ya mechi: tisini na moja. Mwili ulikuwa uleule, mbavu zinahesabika.

"Misuli yake haina neno," daktari alimweleza mtunza uwanja, akifunga mkoba wake. "Ni yale ya jukwaani. 'Mzembe' ni kama gramu mia mbili. Wakimtaja mama yake inafika kilo."

"Mama yake ni dada yangu."

"Pole sana. Wengine hufikisha kilo na robo."

"Hayatoki?"

"Mwanzoni yalikuwa yanatoka, akioga maji ya moto. Kufikia Jumatano anakuwa mwepesi. Siku hizi yamezoea."

Daktari akamwandikia namba tisa vitamini.

Jumapili mpwa alikwenda kumsalimia mjomba wake, akaketi sakafuni bila kuambiwa, maana viti viwili vya nyumba ile vilikuwa vimekwisha kwenda kwa seremala kwa ajili yake.

"Mjomba, nikikimbia naona kama nimebeba friji."

"Wao wanasema huna kasi."

"Si ni kweli? Nani ana kasi na friji mgongoni?"

"Mwambie kocha akupumzishe."

"Nilimwambia. Akanijibu mbele ya wenzangu. Nikatoka pale na gramu mia tatu zangu."

Walicheka. Mpwa alipoondoka, mjomba aliona nyufa mbili mpya kwenye saruji, akaburuta mkeka na kuzifunika.

Klabu haikukaa kimya. Katibu alibandika tangazo lenye muhuri, kwamba mchezaji yeyote atakayeacha shimo linalozidi sentimita ishirini atalijaza mwenyewe. Ikawa Jumatatu namba tisa yuko uwanjani na koleo, anajaza shimo moja na kuacha mengine manne kwa kuzunguka. Mtunza uwanja alimwomba aketi. Akaketi, na hilo nalo likahitaji mchanga.

Mechi ya mwisho ilikuwa ya kufa na kupona: washinde au washuke daraja. Kwenye mechi ya kabla yake namba tisa alikuwa amezama hadi magotini, akacheza hivyohivyo dakika tisini, watu wakilalamika kwamba harukii mipira ya juu. Ijumaa jioni mjomba alikwenda kunyolewa. Kinyozi ndiye aliyeanzisha nyimbo zote za jukwaa la mashariki. Alikuwa na sauti ya kuamsha mtaa na mikono laini kuliko ya muuguzi.

"Nimekuja kukuomba kitu," mtunza uwanja alisema, kidevu juu, wembe ukiwa kooni. "Kesho mnyamazieni yule kijana. Mechi moja tu."

"Mzee wangu, mimi nampenda yule kuliko baba yake alivyompenda. Ndiyo maana namtukana. Ningekuwa simpendi ningebaki nyumbani na mke wangu."

"Anazama."

"Timu nzima inazama."

"Yeye anazama ardhini."

"Si tumemwona wote? Usitikisike hapo, mzee." Wembe ulipita taratibu. "Afunge kwanza. Akifunga, nitanyamaza bila kuombwa na mtu."

Akampangusa shingo kwa taulo safi, akamuuliza kama vyoo vya jukwaa la mashariki vitatengenezwa.

Jumamosi asubuhi kocha aliagiza uwanja wote umwagiliwe, mpira uteleze. Mtunza uwanja alivuta bomba, akamwagilia kutoka lango la kusini, katikati, pembeni kote. Alipofika eneo la penalti la kaskazini, ambako mpwa wake angeshambulia kipindi cha pili, alilizunguka kwa nje bila kulitia hata tone. Miaka kumi na tisa ya kazi ilikuwa imemfundisha kwamba udongo ule ukinyimwa maji huwa mgumu kama barabara. Aliukanyaga kwa kisigino. Ukagoma. Akakunja bomba lake, akanywa chai vikombe viwili.

Na kweli, udongo ulimbeba. Kipindi cha pili viatu vya namba tisa vilionekana juu ya nyasi kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitatu, na mwenyewe aliviangalia mara kwa mara kama mtu aliyenunuliwa vipya.

Dakika ya themanini na tatu, bado sare ya bila kufungana, winga wa kulia alipenya na kupiga krosi ya chini. Mpira uliteleza kwa kasi juu ya nyasi zilizolowa, kipa akaukosa, lango likabaki tupu. Ulipovuka mstari wa chokaa wa eneo la penalti na kuingia penye ukavu, ulipunguza mwendo, ukasimama, kama mgeni aliyekumbuka kubisha hodi. Namba tisa alikuwa ameshapiga. Alipiga mahali ambapo mpira ungekuwa.

Mguu ukakata hewa. Kisha kinyozi akasimama.

Akaanzisha, watu elfu tisa wakaitikia; ilichukua kama dakika moja. Udongo ulipasuka kwa mlio wa sahani. Namba tisa alizama magoti, akazama kiuno, akazama kifua, mikono ikiwa imekunjwa vizuri kama mtu anayesubiri zamu yake. Mtunza uwanja alikuwa nyuma ya goli na ndoo yake.

"Mjomba," namba tisa alisema, bila lawama, "hapa ulipasahau. Pakavu."

Mjomba aliangusha ndoo. Kabla hajamfikia, nyasi zilikuwa zimefunika nywele.

Mwamuzi alitazama saa, akaanzisha mpira upya. Kocha alikuwa amemaliza nafasi za kubadilisha wachezaji, kwa hiyo walimaliza wakiwa kumi. Sare. Timu ikashuka. Pale getini watu walikubaliana kwamba Kabati ni msaliti: ameona timu inashuka, akaamua kutangulia.

Jumatatu saa moja asubuhi mtunza uwanja aliteremsha rula kwenye shimo. Haikugusa chini. Alijaza matoroli kumi na moja. Alipokuwa akisawazisha, dada yake aliingia kupitia geti dogo, akavua viatu kwenye mstari wa chokaa, akaja peku hadi pale.

"Alisema kitu?"

"Alisema ni pakavu."

Dada aliupapasa mchanga kwa unyayo.

"Basi si upamwagilie," alisema.

Akapamwagilia hadi mchana.

Msimu uliofuata pale paliota nyasi nene kuliko uwanja wote, mtunza uwanja akawa anazikata mara mbili kwa wiki. Namba tisa mpya alifunga mechi mbili za kwanza, wakamwita Umeme. Mechi ya tatu aligonga mwamba, na kutoka jukwaa la mashariki, ambalo vyoo vyake vilikuwa vimetengenezwa, kinyozi alikusanya viganja mdomoni.

Jumatatu mtunza uwanja alipima: sentimita mbili. Akaandika kwenye daftari. Kisha akaenda kwa katibu kuagiza mchanga, na katibu, bila kuinua macho, akamuuliza kama safari hii lori moja litatosha.

"Lete mawili," alisema.