Cheo cha Odessa

Gazeti lilimtangulia Verna. Alipofika barazani kwa Odessa Pettway Jumamosi ile asubuhi, alimkuta bibi huyo wa miaka tisini na mbili amelitandaza mapajani, bakuli la karanga za kuchemsha juu yake, maganda yakidondokea palepale penye picha ya mbwa.

Verna akajua yamemfika.

Wiki nzima alijiambia atapiga simu kesho. Chama kinachofunza mbwa wa kuwasaidia wanajeshi wastaafu kilimwomba jina la mbwa wao mpya, jike jeusi, naye akaandika bila kufikiri mara mbili: Odessa. Jina la mwanamke wa kwanza kusimamia karakana ya malori katika kambi yao ya Georgia, na aliyemfundisha Verna kazi. Aliwafundisha na wanaume kumi na wanane kufungua injini, kisha akawatazama mmoja mmoja wakipandishwa vyeo na kumwacha nyuma. Mara tatu jina lake lilipelekwa juu, mara tatu likarudi. Majina ya waliomkatalia yamechongwa kwenye ukuta wa marumaru mbele ya mahakama ya mji, kwa herufi za dhahabu. Yeye hata kokoto hakupewa. Na mtu asiseme walisahau. Msahaulifu husahau wote, hawa walichagua.

Lakini kuwa na haki hakumzuii mtu kufanya upumbavu. Kumpa mbwa jina la mtu bila kumwuliza mwenyewe! Tena mtu aliyewahi kuitwa mbwa mbele ya gwaride, na bwana ambaye sasa jina lake ni la pili kutoka juu kwenye ukuta ule.

"Kaa chini," Odessa akasema. "Usinisimamie kama mkaguzi."

"Sajini, nisikilize kwanza..."

"Miaka arobaini na nane hujanichelewea hata siku moja. Leo gazeti limekushinda mbio."

"Niliogopa."

"Na ulipokuwa unaandika, woga ulikuwa umeuacha wapi?"

Verna akaitazama picha ya mbwa gazetini. Wenzao wote wa karakana wameshazikwa. Akimpoteza na huyu, nani mwingine atamkumbuka alivyokuwa msichana mwenye grisi hadi viwikoni?

"Sherehe ya kumkabidhi mbwa ni saa sita," akasema. "Ukikataa, nakwenda sasa hivi wabadilishe. Kibati cha shingoni bado hakijachongwa."

Odessa akamenya karanga, akaitafuna taratibu. "Anapewa nani huyo mbwa?"

"Haverkamp fulani. Tangu arudi vitani hawezi kuingia hata dukani peke yake. Kapteni."

"Kapteni kamili?"

"Kamili."

Mkono wa bibi ukasimama juu ya bakuli. Ipo desturi jeshini ambayo raia huiona mzaha: mbwa wa kazi huhesabiwa kumzidi anayemshika kwa cheo kimoja, ili atakayempiga ajue amempiga mkubwa wake.

"Sasa mbwa wa kapteni..." Odessa akaanza.

"Ni meja," Verna akanong'ona. Wallahi hakuwa amelifikiria.

Kicheko kilichomtoka yule bibi kiliangusha bakuli. "Meja! Mimi walininyima utepe mmoja tu wa mkononi, mmoja! Leo kapteni mzima ataniokotea mavi kila asubuhi, na mfuko kashika mwenyewe!"

Verna akaketi ngazini, anacheka na kulia kwa pamoja, karanga zimemzunguka.

"Kwa hiyo hujakasirika?"

"Nimekasirika tangu mwaka wa sabini na moja, mwanangu, wala sikomi leo. Lakini si wewe uliyenikasirisha." Akajipangusa macho kwa ukurasa wa gazeti. "Niletee koti langu la bluu. Na hao wachongaji waambie waandike na cheo, kwa herufi kubwa. Sitaki Odessa mtupu, kama paka wa jirani."

"Sawa, Sajini."

Bibi akamkazia jicho.

Verna akanyanyuka upesi, akabana visigino. "Samahani, Meja."