Jaguar na Porsche kwa Tata Modeste

Kli, kli, kli. Mfuniko wa sufuria ulikuwa ukicheza gizani juu ya mbabula ya makaa, mvuke ukiuinua na kuuachia. Laurentine aliusogeza kwa ncha ya kitenge. Umeme ulikuwa umekatika tangu alasiri, na katika giza lile alimsikia mumewe, Josias, akivuta pumzi kama mtu anayengoja hukumu.

Mgeni wao alikuwa Tata Modeste, fundi wa magari. Tajiri mmoja wa Kolwezi alimletea magari mawili ya zamani ya mbio, Jaguar na Porsche, yote yamekufa, naye alikuwa na pesa za kufufua moja tu. Fundi alitafuta msaidizi. Laurentine ndiye aliyekwenda kumwomba amjaribu Josias, maana tangu shimo la shaba la Mashamba lilipomfunika rafiki yao Samy, mumewe hakupata usingizi. Na jioni hiyohiyo ekipe, wachimbaji wenzake, ingepita kumchukua Josias arudi chini ya shimo.

"Bon, mutoto yangu," alisema Tata Modeste. "Mutuka zote mbili ulisha kuziona. Tunaanza na gani?"

"Jaguar, tata! Iko na farasi mia mbili na makumi sita na tano, inakimbia kilomita mia mbili na makumi ine. Porsche ni farasi mia moja na makumi tatu tu, ni mwepesi. Jaguar iko na uzito!"

Fundi alimgeukia Laurentine, akacheka hadi kiti kikalia. "Mama Princesse, bwana yako anapima mutuka sawa jiwe!"

Kweli, watu wa shimo hupima hivyo. Jiwe huinuliwa kiganjani. Likiwa zito, lina shaba, na huko ndiko wanakochimba.

"Sikia," fundi aliendelea. "Jaguar inapoa na mayi. Porsche, motere iko nyuma, inapoa na upepo. Ku barabara ya Dilolo, mu vumbi na jua, gani itafika?"

Laurentine alikaza kitenge. Jibu moja, na mumewe atalala nyumbani, au atalala udongoni.

Josias alijibu kwa sauti ya chini.

"Hata siku ile jiwe ilikuwa nzito, tata. Tulifuata uzito, hatukutia miti ya kushika udongo. Samy alikuwa mbele." Akamgeukia fundi. "Tuanze na Porsche. Lakini kwanza tuifungue, tuone. Mi siamini tena kupima na mukono."

Fundi hakucheka tena. "Kuya ku kazi kesho asubui."

Mara mluzi ukalia nje ya ua. "Josias! Toka, we muvivu! Bibi yako hatakukimbia!"

Josias alisimama, akaufikia mlango, asiufungue. Wale nje walikuwa ndugu zake wa shimo; ndio waliomfukua Samy pamoja naye, kwa mikono. Laurentine alitamani kumsemea, akajizuia.

Princesse, binti yao mdogo, alipita katikati yao, akasukuma mlango.

"Papa haendi ku shimo."