Kimo cha Kichuguu

Katika kompyuta ya Telesfori, nyumba ya Romana ilikuwa imeshazama. Buluu ya bwawa litakalojengwa mwakani ilikuwa imetanda juu ya majaruba yote ya mpunga, ikapita hata juu ya paa lake bila kuacha doa.

"Si kweli," Romana alisema. Ilibidi arudie, maana mara ya kwanza sauti haikutoka. "Hapa ni juu ya kichuguu. Maji hayajawahi kufika."

Shangazi Esteria, aliyekuja kutoka Kasansa kumchukua, akacheka. "Wewe ukitumwa chumvi unarudi mikono mitupu kwa kuogopa kumsalimia muuza duka. Leo unabishana na kompyuta?"

Tangu mama yake afariki, Romana aliishi pale peke yake. Mama ndiye aliyekichonga kile kichuguu katikati ya majaruba, akashindilia sakafu juu yake, kama wafanyavyo watu wa Usevya wasiotaka kulala na matope. Romana akiondoka, nani angejua kwamba mama aliwahi kuishi hapo?

Telesfori, mpima ardhi aliyetoka Mpanda, hakucheka. Alifungua mipangilio ya ramani.

"Kosa ni langu, dada. Nimeweka kimo kihesabiwe mita kwa mita. Kisichofika mita, programu inakilaza sawa na shamba. Kichuguu chenu hakifiki mita. Ngoja niweke sentimita."

Buluu ikatoweka, ikajichora upya. Katikati yake kikabaki kidoa cha kahawia, kidogo kama punje ya mpunga.

"Nyumba hiyo hapo. Haizami. Hulazimiki kuhama."

Romana akatabasamu, akainama karibu zaidi. Akatafuta kwa Emelyne, jirani aliyekuwa akimpa kaa la moto asubuhi. Buluu. Njia ya kanisani, buluu. Kisima, buluu.

"Utakaa humo na nani?" shangazi akauliza, safari hii bila mzaha. "Na vyura?"

Romana akakitazama kile kidoa cha kahawia. Maisha yake yote aliwakwepa watu, lakini walikuwepo wa kukwepwa. Kila jioni alisikia kinu cha Emelyne kikilia ng'ambo ya jaruba, na hilo lilimtosha.

"Kaka," akasema hatimaye, "rudisha ile ya mita."

"Nikiirudisha nitakuwa nimedanganya. Nyumba iko juu. Ukitaka kuhama, sema mwenyewe."

Shangazi akafumbua mdomo kumsaidia, kisha akaufumba. Romana akaukunja upindo wa kitenge, akaukunjua, akaukunja tena.

"Andika nyumba haizami," alisema, akasikika mpaka nje. "Andika na jina la mama, Lucia. Halafu andika hakuna mtu anayeishi humo."

"Na wewe niseme umeenda wapi?"

"Kwa watu."